Nyumba ya zamani inapotitia na kuta kutoa tumbo: kupima, kufunga na kutengeneza

Nyumba ya zamani ya mawe au matofali yaliyoungwa kwa mota ya chokaa hucheza kidogo kila mwaka, na kucheza huko si ugonjwa. Chokaa ni laini, kwa hiyo ukuta hujipinda taratibu bila kukatika. Ugonjwa huanza pale upande mmoja wa msingi unapotitia kuliko mwingine, au ukuta unapoachana na sakafu na paa vilivyokuwa vimeushika. Hayo ni matatizo mawili, hata yakikutwa kwenye nyumba moja, na dawa zake hazifanani. Kutitia hutibiwa ardhini; tumbo, yaani ukuta kuvimba kuelekea nje, hutibiwa juu, kwenye maungio. Anayeyachanganya huishia kuchimba msingi usio na kosa huku ukuta ukiendelea kutoka nje.

Kabla ya yote: panakalika?

Hamisha watu na uite mhandisi wa majengo siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: ufa unaopita milimita 25, tumbo linaloongezeka kwa siku badala ya kwa miaka, mlio wa kukatika, vumbi la mota linalodondoka lenyewe, au mlango uliokuwa ukifunguka jana na leo umekwama.

Kisha kagua ncha za boriti za sakafu pale zinapoingia ukutani. Ukuta ukisogea nje, boriti hubaki ilipo, na kipande kilichokuwa kimefichwa ndani hutokeza: hakina rangi, hakina masizi, mbao yake ni ya rangi tofauti kabisa na iliyobaki. Upana wa ukanda huo ndio umbali ambao ukuta umesafiri. Boriti ikibaki imekalia chini ya milimita 50 za ukuta, iwekee jeki za chuma chini yake kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Jeki isisimame juu ya sakafu ya mbao. Ikibidi kupita ghorofa, panga jeki moja chini ya nyingine hadi ardhi ngumu, na kila moja ikalie ubao wa milimita 225 kwa 50 ili uzito utawanyike.

Hatua ya 1: soma ufa

Angalia kingo kwanza. Ufa mpya una kingo kali na ndani ni msafi. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, au rangi iliyoingia ndani wakati nyumba ilipopakwa miaka ya nyuma. Ufa wenye rangi ndani na ambao haujapasua rangi hiyo upya umelala, uache.

Halafu tazama ni wapi umefunguka zaidi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi mwisho wa ukuta au kona ndiyo iliyozama. Ukiwa mpana chini, katikati ndipo palipozama. Ufa wa mshazari unaopanda kwa ngazi kwenye mistari ya mota, hasa kutoka pembe za madirisha, humwelekeza mtu kwenye chanzo: chora mstari unaokata ufa kwa pembe mraba katikati yake, uufuate kuelekea chini, nao utakuonyesha upande uliozama. Kanuni hiyo haikosei mara nyingi, ingawa dirisha kubwa linaweza kuupinda ufa.

Ufa wa mlalo chini kidogo ya paa ni habari nyingine. Huo ni wa kenchi zinazosukuma ukuta nje, na msingi hauhusiki. Ufa wa wima kwenye kona ya ndani, pale ukuta wa kugawa vyumba unapokutana na ukuta wa nje, unasema kuta hizo mbili zimeachana.

Kwa upana, wahandisi wengi hupanga hivi: hadi milimita 1 ni kazi ya rangi, hadi 5, milango hukwama kidogo na mvua hupenya, kati ya 5 na 15, ukuta unahitaji kufunguliwa na kushonwa, kati ya 15 na 25, vipande hujengwa upya, hasa juu ya milango na madirisha. Upana peke yake hautoshi, lakini. Ufa wa milimita 3 unaokua ni mbaya kuliko wa milimita 10 uliokaa hivyo kwa miaka 40.

Hatua ya 2: timazi

Kazi hii ni ya saa mbili na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Pigilia mbao juu ya ukuta itokeze nje, funga uzi milimita 100 kutoka kwenye uso wa ukuta, ning'iniza timazi (kizito kinachonyoosha uzi wima), na uizamishe kwenye ndoo ya maji ili upepo usiichezeshe. Pima nafasi kati ya uzi na ukuta kila nusu mita kushuka chini. Andika namba zote. Usiamini macho, maana lipu ya zamani yenyewe huwa na mawimbi.

Tuseme kwenye ukuta wa mita 3 umepata 100, 97, 88, 76, 81, 93, 100. Juu na chini ni sawa, katikati nafasi imepungua kwa milimita 24: hilo ni tumbo. Ukipata 100, 104, 108, 113, 117, 121, 125, nafasi inaongezeka kwa mwendo mmoja kadiri unavyoshuka: ukuta umeinama nje kwa juu, milimita 25, bila tumbo. Kwa kimo cha ghorofa moja, mwinamo usiozidi milimita 25 au tumbo lisilozidi milimita 10 kwa kawaida hauhitaji ukarabati wa kimuundo kama hauendelei. Kuinama kukifika sehemu ya sita ya unene wa ukuta, yaani milimita 75 kwa ukuta wa milimita 450, usilihukumu jambo peke yako.

Sasa rudia kipimo hicho hicho upande wa ndani, mahali pale pale. Hapa ndipo wengi huishia nusu. Nje pakiwa na tumbo la milimita 24 na ndani pakawa na shimo la kiasi hicho hicho, ukuta mzima umejipinda pamoja. Nje pakiwa na tumbo na ndani pamenyooka, ngozi mbili za ukuta, yaani tabaka la nje na la ndani, zimeachana na katikati pana uwazi. Gonga kwa kishikio cha nyundo: panapolia kama ngoma pana uwazi, ingawa lipu iliyobanduka nayo hulia hivyo, kwa hiyo toa kipande cha lipu kwanza ndipo ugonge jiwe au tofali lenyewe.

Kwa kutitia, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji na usio na mapovu ya hewa. Chagua kozi moja (mstari mmoja wa mlalo) ya matofali ambayo mwanzoni ilikuwa sawa, uifuate kuzunguka nyumba, na uandike kila kona iko chini kwa milimita ngapi. Kona iliyozama itajitaja yenyewe.

Hatua ya 3: skrubu tatu na subira

Methali ya kuziba ufa ina haki yake mahali pengine. Hapa, anayeziba mapema hupoteza kipimo chake. Piga skrubu tatu za chuma kisichoshika kutu: mbili upande mmoja wa ufa, moja juu ya nyingine, na ya tatu upande wa pili, zikifanya pembetatu yenye pande za kama milimita 80. Pima pande zote tatu kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) hadi sehemu ya kumi ya milimita. Skrubu mbili peke yake hukuambia ufa unafunguka. Ile ya tatu hukuambia pia kama upande mmoja unateremka.

Pima mara moja kwa mwezi, saa ile ile ya siku, kwa sababu jua la mchana peke yake huweza kuubadili ufa. Endelea miezi 12 ili upate majira ya mvua na ya ukame. Ufa unaofunguka ardhi ikikauka na kujifunga ikilowa ni wa udongo wa mfinyanzi. Unaofunguka polepole mwaka mzima bila kurudi una chanzo kisichosita: kifusi kinachoshindiliwa na uzito, au bomba linalovuja. Unaoruka ghafla baada ya mvua kubwa unasema maji yanabeba udongo.

Hatua ya 4: tafuta maji

Usisubiri miezi 12 kuanza hili. Nyumba nyingi zilizotitia zina bomba bovu karibu na kona iliyozama. Maji hufanya mabaya mawili: hulainisha mfinyanzi, na huchota mchanga punje kwa punje kupitia nyufa za bomba hadi chini ya msingi panabaki pango.

Maji safi: funga bomba zote usiku, andika mita, soma tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Namba ikisogea, kuna uvujaji.

Maji taka: ziba njia kwenye chemba ya chini kwa kizibo cha mpira, jaza hadi chemba ya juu, acha robo saa kuta za chemba zinywe, kisha weka alama ya chaki na usubiri dakika 30. Ukiona maji yameshuka sana, gawanya njia vipande uvipime kimoja kimoja mpaka ukipate kibovu.

Maji ya mvua: mabomba ya kushusha maji ya paa yasiishie miguuni mwa ukuta. Yapeleke angalau mita 3, na shimo la kunyonya maji liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Ardhi inayozunguka ishuke milimita 50 kwa kila mita, kwa mita 2 za kwanza, kuelekea nje. Kama udongo umepandishwa miaka kwa miaka mpaka umefunika sehemu ya ukuta, uchimbue na uuondoe, ila usifike usawa wa chini wa msingi.

Ukitengeneza maji, ukaendelea kupima, na skrubu zikatulia, umemaliza suala la ardhi bila kuchimba msingi.

Miti ina somo lake. Kwenye mfinyanzi, mkaratusi au mfikasi ulio karibu kuliko kimo chake hunyonya maji chini ya msingi na udongo husinyaa. Lakini usikimbilie shoka. Mti uliokuwepo kabla ya nyumba ukikatwa ghafla, udongo hurudia kulowa, huvimba na kuinua msingi, na nyufa za kuinuliwa ni ngumu kuliko za kuzama. Upogoe kwa awamu, au mwite mtaalamu wa udongo aseme.

Hatua ya 5: fukua uone msingi

Chimba shimo moja la mita 1 kwa mita 1 kando ya kona iliyozama na jingine kando ya kona iliyo salama. Usipite chini ya msingi, na ukizidi kina cha mita 1.2 weka mbao za kuzuia udongo usikuangukie. Linganisha vitu vitatu: kina cha msingi, unyevu, na aina ya udongo. Chukua donge lililo na unyevu, lifinyange kati ya viganja liwe kamba ya unene wa milimita 3. Likikubali bila kukatika, lina mfinyanzi wa kutosha kukutia wasiwasi. Ukikuta vigae, mkaa na mifupa, hicho ni kifusi.

Tumbo: kwanza jua kwa nini

Ukuta wa mawe wa zamani mara nyingi ni ngozi mbili na kifusi cha mawe madogo na chokaa katikati. Maji yakiingia juu, chokaa ya ndani huoshwa, kifusi hushuka na kujikusanya chini kama mchele kwenye gunia, na kusukuma ngozi ya nje. Lipu ya saruji huzidisha, kwa kuwa maji yaliyoingia hayapati njia ya kutokea. Sababu nyingine za kawaida ni boriti zinazokwenda sambamba na ukuta, hivyo hakuna kilichowahi kuushika. Mtambaapanya (mbao ya mlalo inayozuia kenchi zisitanuke) uliokatwa na mtu aliyetaka nafasi darini, kenchi zikabaki zinasukuma. Na ukuta wa ndani ulioondolewa kupanua sebule. Chuma kilichozikwa ukutani nacho kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe.

Tengeneza sababu kabla ya tumbo. Paa lisiloshikwa lishikwe kwanza.

Hatua ya 6: funga ukuta kwa vyuma

Lengo ni kuzuia tumbo lisiendelee. Huko Paris, karne ya 19, kuta za jumba la Conservatoire des Arts et Métiers zilivutwa kwa vyuma vilivyopashwa moto, nati zikakazwa, na vyuma vikafupika vilipopoa. Hesabu ni rahisi: chuma cha mita 6 kikiongezewa nyuzi joto 100 hurefuka kama milimita 7. Lakini katika ukuta wa kifusi, mawe yameshaanguka ndani ya uwazi, hayana pa kurudi. Ukiuvuta, utaupasua mahali pengine. Acha tumbo lilipo.

Boriti zikienda sambamba na ukuta: chukua ukanda wa chuma wa milimita 30 kwa 5, uvuke angalau boriti tatu, na kati ya boriti hizo, chini ya ukanda, ubane vipande vya mbao vyenye unene usiopungua milimita 38 na kimo cha robo tatu ya boriti. Kipande cha kwanza kiguse ukuta kabisa. Mafundi wakikiacha kilegee, ukanda huzuia ukuta kutoka nje lakini si kuingia ndani. Nafasi kati ya ukanda na ukanda isizidi mita 2.

Kwa kufunga ukuta na ukuta:

1. Chagua mstari kwenye usawa wa sakafu ya ghorofa au wa kenchi. Usipitishe chuma katikati ya ukuta mtupu, kitavuta tofali chache tu.

2. Toboa tundu la milimita 26 kwa keekee la kuzunguka, bila kupiga. Mtikiso wa keekee la nyundo huteremsha kifusi.

3. Pitisha chuma cha milimita 20 chenye uzi wa nati wa urefu wa milimita 150 kila mwisho. Kisichoshika kutu ni bora. Cha kawaida kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingia, maana ndani hutakifikia tena.

4. Nje weka bamba la milimita 300 kwa 300, unene 12. Likalie tandiko la mota ya chokaa la milimita 10 hadi 15, si jiwe tupu, vinginevyo litagusa vichwa viwili vya mawe na kuyavunja.

5. Subiri mota ikomae, wiki moja kwa chokaa inayoganda kwa maji, na zaidi kwa chokaa ya kawaida. Kisha weka washa na ukaze kwa spana ya kawaida, bila kuirefusha kwa bomba, mpaka chuma kisiwe na ulegevu. Basi.

6. Rudi baada ya mwezi, kisha baada ya mwaka, ukakaze kilicholegea.

Hatua ya 7: uwazi wa ndani

Ngozi zikiwa zimeachana lakini mawe bado yana nguvu, toboa matundu ya milimita 25 kila nusu mita kwa mpangilio wa kupishana. Mwaga maji kwanza kusafisha vumbi na kulowesha. Kisha mimina uji wa chokaa kwa uzito wake wenyewe kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa kidogo, ukianzia matundu ya chini, na uzibe kila tundu uji unapotokeza. Usipande zaidi ya nusu mita kwa siku. Uji wenye kimo cha mita 2 husukuma ngozi kwa uzito wa zaidi ya tani 3 kwa kila mita ya mraba pale chini, na hivyo ndivyo tumbo dogo lilivyogeuka kubwa mikononi mwa fundi mwenye haraka. Pampu ya nguvu usiiguse.

Tumbo likiwa kubwa au mawe yamelegea, bomoa na ujenge upya, kipande kisichozidi upana wa mita 1 kwa wakati, huku sehemu ya juu ikishikwa na mihimili mifupi inayopenya ukuta na kukalia jeki pande zote mbili. Piga picha, andika namba kwenye mawe kwa chaki. Unapojenga, weka angalau jiwe moja refu la kufunga ngozi zote mbili kwa kila mita ya mraba. Kwa kawaida utagundua kwamba mjenzi wa kwanza hakuweka hata moja.

Hatua ya 8: kushusha msingi, ikibidi

Hii ni kazi ya mhandisi na vibali, na iwe ya mwisho. Ujue tu inavyokwenda ili usidanganywe. Ukuta hugawanywa vipande vya mita 1, vikapewa namba ili vinavyochimbwa siku moja visipakane, na kwa wakati wowote isizidi robo ya urefu wa ukuta kukosa udongo chini yake. Kila kipande huchimbwa hadi udongo mgumu, uso wa chini wa msingi wa zamani husuguliwa mpaka uwe msafi, zege humiminwa na kuachwa milimita 75 kabla ya kugusa. Baada ya siku moja au mbili nafasi hiyo hushindiliwa mota kavukavu ya saruji moja kwa mchanga tatu, yenye unyevu wa kutosha tu kushikana kwenye ngumi. Anayemimina zege moja kwa moja hadi juu hukosea: zege husinyaa, na ukuta unabaki ukielea. Kipande jirani hungoja siku mbili zaidi.

Kwa kukadiria: kipande cha mita 1, upana 0.6 na kina 0.9 ni mita za ujazo 0.54. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni kama mifuko mitatu na nusu ya saruji ya kilo 50.

Hatua ya 9: nyufa, sasa

Skrubu zikishatulia, shona. Kwangua mota ya mlalo kina cha milimita 35 hadi 40 kila kozi nne hadi sita, ipite nusu mita kila upande wa ufa. Safisha, lowesha, jaza nusu kwa mota maalumu isiyosinyaa, sukuma ndani chuma cha msokoto kisichoshika kutu cha milimita 6, kisha jaza tena. Maungio mengine yakwanguliwe kina cha mara mbili ya upana wake, yasipungue milimita 20, na yajazwe kwa chokaa moja na mchanga mkali tatu. Saruji tupu hapana. Ni ngumu kuliko matofali ya zamani, kwa hiyo nyumba ikicheza tena, tofali ndilo litakalopasuka, milimita chache kando ya ufa uliouziba.

Funika kwa magunia yenye maji siku saba jua likiwa kali. Skrubu tatu ziache ukutani, uzipime majira mengine mawili, ndipo upake rangi.